Ufinyanzi kwa mtu wa ratiba: jinsi ya kuanza na udongo bila kuugeuza kazi nyingine

Mwongozo huu nauandika kwa watu wa aina moja hasa. Wale ambao kikao kikiitwa saa nne wao saa tatu na nusu wameshakaa, wanaopewa kushika michango ya wenzao kwa sababu kila mtu anajua haitapungua hata senti, na likitokea jambo lolote simu ya kwanza inapigwa kwao. Watu wa ratiba, watu wa majukumu. Wanaopenda vile vipimo vya haiba vya herufi nne wataniambia hao ni ISTJ na ESTJ, sawa, ila hauhitaji kipimo kujijua.

Kupumzika kwetu ni mtihani. Tukiambiwa tukae tu tusifanye kitu, dakika tano ni nyingi, mara unajikuta unapanga kabati au unajibu meseji za kazini, na usiku ukilala akili bado inahesabu nani hajaleta nini.

Mi udongo ndo ulionituliza, na nadhani najua kwanini. Haukuambii uache kuwa mtu wa mpangilio, tena huo mpangilio unautaka, uzito upimwe, hatua zifuatane, ukiruka moja utaiona baadae kwenye ufa. Ila hapohapo una ratiba yake yenyewe ambayo wewe hauwezi kuisogeza hata saa moja, haukauki kwa sababu una haraka, na hakuna mtu aliyekaa anakusubiri umalize. Kwa mtu aliyezoea kubeba mambo ya watu, kufanya kitu kwa umakini wako wote halafu kikiharibika asiumie mtu yeyote, hiyo ni raha ambayo sijaipata kwingine.

Na sio hisia zangu tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani waliwachukua watu wazima 39 wakawapa dakika 45 za kutengeneza sanaa, vifaa vilikuwa kalamu za rangi, karatasi za kubandika na udongo, wakapima kotisoli kwenye mate kabla na baada. Kotisoli ni ile homoni inayopanda ukiwa na stresi. Kwa takriban asilimia 75 yao ilishuka, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba aliyekuwa na uzoefu wa sanaa na asiyekuwa nao hawakutofautiana. Kwahiyo hauhitaji kuwa fundi ndo upumzike.

Kwanza kalenda, udongo baadae

Usianze kwa kununua vitu. Anza kwa kutenga muda, siku moja kwa wiki, saa moja na nusu, siku ileile saa ileile, na uandike kwenye kalenda kama miadi. Watu wengine wanaweza kufinyanga pale wanapojisikia, sisi hapana, sisi kisichokuwa kwenye kalenda hakipo, na ukisema "nikipata nafasi" unajua kabisa hiyo nafasi atakuja kuichukua mtu mwingine mwenye shida yake.

Hizo dakika 90 zigawe hivi: kumi za kuandaa meza na kukanda, sitini za kufinyanga, ishirini za kufunga kazi na kusafisha. Weka alamu ya kuanza usafi halafu simu iweke mbali kabisa, chumba kingine kama inawezekana. Alamu ndo itakayokuondolea ile tabia ya kuangalia saa kila baada ya dakika mbili, na mikono ikishajaa tope hata ukitaka kushika simu utasita.

Halafu kuna ahadi moja ya kujiwekea mapema, na hii naomba uichukulie kwa uzito: miezi sita ya kwanza usimuahidi mtu yeyote chochote. Wakisikia tu unafinyanga watasema nitengenezee kikombe, nitengenezee bakuli la harusi ya fulani, na wewe kwa ulivyo utasema sawa, utaandika kwenye daftari, na kuanzia hapo udongo umeshakuwa deni. Waambie bado unajifunza. Ni kweli unajifunza.

Vifaa, na ni vichache kuliko unavyodhani

Udongo kilo 5 zinatosha kabisa kuanzia. Ukinunua ulioandaliwa tayari, ulizia ambao umechanganywa na vigae vilivyosagwa, ile chengachenga ndani yake inausaidia udongo kusimama na kukauka bila kupasuka ovyo. Unakwaruza mikono kidogo, ila kwa anayeanza ni rafiki. Udongo wa kauri, ule mweupe laini sana, uache kwa sasa, ni mzuri machoni lakini unakumbuka kila kosa, ukiupinda kidogo ukaunyoosha, tanurini unarudi kupinda.

Uliza pia huo udongo unachomwa kwenye joto gani, na jibu uliandike. Ule mwekundu wa vyungu vya kawaida mara nyingi unamalizikia kati ya nyuzi joto 1,000 na 1,150, ile ya moto mkali inakwenda 1,200 hadi 1,300. Ukichanganya hayo mambo, udongo wa moto mdogo ukaingia tanuri la moto mkali, unaweza kuyeyuka ukaharibu na vyombo vya wenzako, na kwa mtu kama wewe najua hilo ndo litakalokunyima usingizi.

Vingine: waya mwembamba uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha kwa ajili ya kukatia, sindano nene au uma wa zamani wa kuchanjia, sponji, kipande cha kitambaa kizito cha turubai cha kufanyia kazi juu yake ili udongo usigande mezani, kifimbo cha kusukumia, mifuko ya nailoni, ndoo mbili, aproni, na mizani ndogo ya jikoni. Mizani sio lazima ila utaipenda. Na daftari.

Gurudumu, lile la kuzungushia udongo wakati wa kufinyanga? Usinunue. Nitalirudia mbele.

Kukanda

Udongo ukiwa kwenye mfuko hauko sawasawa, pembeni umekauka kidogo, katikati una maji zaidi, na kuna mifuko ya hewa humo ndani. Kukanda ni kuufanya uwe kitu kimoja. Chukua kama kilo moja, simama, usikae, meza iwe chini kidogo ya kiuno, sukuma kwa viganja ukienda mbele na chini, uzungushe kuelekea kwako, sukuma tena. Usiukunje kama nguo maana ukikunja unafungia hewa ndani. Nguvu itoke kwenye mabega na uzito wa mwili, ukitumia vifundo vya mikono peke yake kesho yake hautaweza kushika kalamu.

Mara 50 hivi. Mi nahesabu, na nakushauri uhesabu, kwa sababu kuhesabu ndo kunakotutoa kwenye yale mawazo ya kazini, ukifika thelathini na kitu unaona pumzi imeshafuata mikono na ile barua ambayo haujaijibu imepotea kichwani bila kuifukuza. Ukimaliza kata katikati kwa waya uangalie ndani: kama kuna vitundu au mistari ya rangi mbili, rudia. Kama pako laini kote, gawa mabonge ya gramu 400, yafunike kwa nailoni yote isipokuwa moja.

Chungu cha kwanza, kwa vidole tu

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu, hata mwezi mzima, usiwe na haraka ya kupita.

Shika bonge liviringishe mpaka liwe mpira usio na mikunjo. Liweke kwenye kiganja cha mkono usioutumia sana, zamisha dole gumba la mkono mwingine katikati kabisa, ukienda chini mpaka uhisi umebaki unene kama wa sentimita 1 kabla ya kiganja. Hicho ndo kitako, usikitoboe. Sasa dole gumba liko ndani, vidole vingine nje, finya kidogo, zungusha kidogo, finya, zungusha. Kila mfinyo uwe sawa na uliotangulia. Anzia chini kwenye kitako upande juu kwa mzunguko, na mdomo wa chungu uuache mnene mpaka mwisho kabisa, kwa sababu ukiuanza mapema utapanuka na kulegea na ukishalegea hauna pa kuukamatia.

Unene unaoutafuta ni milimita 6 hadi 8. Utauonaje wakati uko katikati ya udongo? Hauuoni, unauhisi, na kuna kitu kinatokea hapa ambacho mi kilinishangaza. Ukifumba macho, kweli fumba, vidole vinaanza kukuambia wapi ni pazito na wapi ni pembamba, pale pazito udongo unakuwa kama unasukuma kurudi, pale pembamba unakubali haraka na unahisi kabisa joto la kidole cha upande wa pili likikaribia. Baada ya dakika chache haufikirii tena "je niko sahihi", unasikiliza tu. Kwa mtu ambaye siku nzima anakagua kazi kwa macho, kupumzisha macho na kuachia vidole kazi ni kama mtu amekutua mzigo kichwani.

Mdomo ukianza kupasuka vinyufa vidogo, lowesha kidole kimoja upapase, usimwagie maji. Kosa kubwa la wanaoanza ni maji mengi, udongo ukilowa sana unachoka, unalegea, na kuta zinakaa chini. Ikitokea hivyo, ugeuze chungu kifudifudi kwenye kitambaa, kiache robo saa kipumue, kikirudi na nguvu endelea. Hiyo robo saa usitafute kitu cha kufanya. Kaa tu. Najua ni ngumu.

Vikate katikati

Vyungu vitano vya kwanza usiviweke. Ukishakimaliza kimoja, kikague, halafu chukua waya ukate toka mdomo mpaka kitako, vipande viwili. Utaona ukuta wote kwa ndani: hapa milimita 5, hapa 12, kitako kinene kama kisigino. Hakuna mwalimu atakayekuambia ukweli wazi kuliko huo mkato. Piga picha kama unataka, andika vipimo kwenye daftari, halafu bonda vipande, rudisha kwenye mfuko.

Kwa watu wa majukumu hatua hii ni dawa, na sisemi kwa kupamba. Tumezoea kwamba kila tulichokishika lazima kifike mwisho, kikabidhiwe, kisainiwe. Mara ya kwanza kukata mkono wangu uligoma, nilikaa na ule waya kama dakika mbili nzima nikitafuta sababu ya kukiokoa kile kichungu. Cha tatu nilikata bila kufikiri. Cha tano nilikuwa nafinyanga kwa sababu napenda kufinyanga, basi.

Sasa kuhusu daftari. Andika tarehe, uzito wa bonge, ulichotengeneza, kilichotokea, na baadae joto la kuchoma na rangi uliyopaka. Ila andika baada ya kunawa mikono, sio katikati ya kazi. Daftari likikaa mezani pamoja na udongo, utaanza kuufanyia udongo ripoti.

Nyoka na vibao

Ukishaweza chungu cha vidole chenye ukuta sawa, ongeza njia mbili. Ya nyoka: viringisha udongo mezani kwa viganja vilivyokunjuka mpaka upate kamba ndefu yenye unene wa kidole, ipange juu ya kitako kwa mzunguko, kamba juu ya kamba. Ya kibao: sukuma udongo kwa kifimbo katikati ya vijiti viwili vya unene sawa ili kibao kisiwe na mabonde, kata maumbo kwa rula, unganisha. Hii ya vibao watu wa vipimo tunaipenda mno kwa sababu ya hizo pembe na rula, lakini usikimbilie hapo, utajificha nyuma ya rula na vidole havitajifunza.

Kanuni ya kuunganisha ni moja kwa zote: chanja, paka uji, bana. Unachanja sehemu zote mbili kwa sindano, mistari ya kukatana, unapaka uji wa udongo, yaani udongo huohuo ulioloweshwa mpaka ukawa mzito kama mtindi, unabana huku unatikisa kidogo mpaka uhisi vimeshikana, halafu unavuta udongo wa upande mmoja kwenda wa pili kwa kidole mpaka ule mstari upotee. Vipande vyote viwili viwe na unyevu sawa. Kishikio kibichi kwenye kikombe kilichokauka hakikai, kitaanguka tu, kama sio leo basi tanurini.

Kukausha: hapa wewe sio bosi

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na ni kweli kwa kuumba. Ila mfinyanzi ana somo la pili ambalo ni kujua wakati wa kuuacha.

Udongo laini una maji kama asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake. Maji yakitoka, chembe zinasogeleana na chombo kinasinyaa, na kama sehemu moja inasinyaa leo na nyingine kesho, katikati yake patachanika. Ndo maana mdomo na kishikio, ambavyo ni vyembamba na vinakauka kwanza, vinapasuka. Siri yote ni kukausha polepole na sawasawa.

Siku ya kwanza funika chombo kwa nailoni kwa kulegeza. Kesho yake au keshokutwa kitafika hali tunayoiita ya ngozi, kigumu kama ngozi nene ya mkanda, ukikibonyeza hakibonyei ila ukikikwaruza kwa kucha kinakubali. Hapo ndo muda wa kuchonga kitako, kulainisha mdomo, kubandika kishikio, na kuandika alama yako chini. Ukitaka chombo king'ae bila rangi yoyote, kisugue hapo kwa kokoto laini ya mviringo, taratibu, eneo dogodogo, ni kazi ya saa nzima na ni tamu kuliko zote. Kisha kifunike tena, vishikio uvizungushie kipande cha nailoni peke yake, na kila siku funua zaidi kidogo. Jumla ni wiki moja mpaka mbili, kutegemea unene na hali ya hewa. Kiweke juu ya waya au vijiti ili kitako nacho kipate hewa, kisikae juani wala mbele ya feni.

Hilo la feni nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na vikombe sita, vyote gramu 400, vyote vishikio sawa, nilikuwa nimeshapangiwa nafasi kwenye tanuri Jumamosi na nikaona haiwezekani nifike mikono mitupu kwenye kitu nilichojiandikisha. Alhamisi usiku nikawasha feni. Ijumaa asubuhi vishikio vitano kati ya sita vilikuwa na ufa pale pa juu, mwembamba kama unywele, na ufa wa hivyo hauzibiki. Nafasi ya tanuri wangenipa ya wiki inayofuata bila neno, sikuuliza tu.

Kujua kama chombo kimekauka kweli, kiguse na shavu. Kikiwa cha baridi, bado kina maji yanayotoka. Kikiwa na joto la chumba tu na rangi yake imepauka kote, kiko tayari. Fanya hivi kwenye kitako, maana kitako ndo cha mwisho kukauka.

Usafi, na hapa usilegeze

Vumbi la udongo lina silika, na vumbi laini la silika likivutwa miaka na miaka linaumiza mapafu, ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Kwahiyo hatufagii udongo mkavu, tunapangusa kwa sponji au tambara lililolowa. Hatusugui chombo kikavu kwa msasa ndani ya chumba, ukilazimika fanya nje na barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile ya kitambaa haitoshi. Aproni ifuliwe mara kwa mara.

Maji ya kunawia yasiende kwenye sinki, udongo utaganda bombani. Nawa kwenye ndoo ya kwanza, iache usiku kucha, udongo utatuama, mwaga maji ya juu nje, tope la chini liingie ndoo ya pili. Mabaki yote yakusanye humo humo, lakini yaliyo nusu kavu yaache yakauke kabisa kwanza ndo uyaloweke. Inashangaza, ila udongo mkavu kabisa unasambaratika wenyewe kwenye maji ndani ya muda mfupi, wa nusunusu unakaa madonge siku nyingi. Baadae tandaza tope kwenye ubao au kibao cha plasta ya jasi mpaka lishikike, kanda, umepata udongo mpya. Hakuna kinachopotea kabla ya moto, na hilo peke yake linapunguza woga wa kuharibu.

Kuchoma

Oveni ya jikoni haichomi udongo, inaishia kama nyuzi 250, pale chombo kinakauka tu. Tafuta studio, darasa au mfinyanzi mwenye tanuri anayekubali kuchomea watu. Kama hamna kabisa karibu, upo udongo unaojikaukia bila moto, unafaa kwa mapambo na kujifunza umbo, ila usiuwekee maji wala chakula.

Mchomo wa kwanza kwa kawaida ni kati ya nyuzi 950 na 1,060. Kuelewa kinachoendelea mle ndani kunasaidia kusubiri. Karibu na nyuzi 100 maji yaliyobaki yanageuka mvuke, na mvuke unachukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yaliyouzaa, ndo maana chombo chenye unyevu kinalipuka. Watu husingizia hewa iliyonaswa, lakini hewa peke yake haivunji chombo, maji ndo yanavunja. Kuanzia kama nyuzi 350 mpaka 600 hivi yanatoka maji mengine, yale yaliyofungamana na udongo wenyewe tangu asili, na yakishatoka hayo huo sio udongo tena, ukiuloweka mwaka mzima haurudi tope. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi (quartz, aina ya silika) ndani yake zinabadili umbo ghafla na kutanuka, wakati wa kupoa zinarudi, kwahiyo tanuri likipozwa kwa pupa hapo vyombo vinapasuka. Mchomo unachukua saa nane, kumi, kumi na mbili, na kupoa kunaweza kuchukua siku nzima nyingine. Tanuri halifunguliwi kwa sababu una hamu ya kuona.

Kitu kimoja kwa wapenda hesabu wenzangu. Udongo unasinyaa kukauka na unasinyaa tena kuchomwa, jumla mara nyingi kati ya asilimia 8 na 14. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10 kamili ukiwa mbichi, kichome hadi mwisho, pima tena. Ukisoma 8.8 ujue udongo wako unasinyaa asilimia 12, na ukitaka kikombe cha upana wa sentimita 10 mwishoni, gawanya 10 kwa 0.88, unaanza na 11.4. Hiyo namba iandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Glezi

Glezi ni ule unga wa madini unaokorogwa na maji, ukichomwa unayeyuka na kuwa kioo juu ya chombo. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni salama kwa vyombo vya chakula na isiyo na madini ya risasi, na joto lake lilingane na joto la udongo wako. Chombo kikishapita mchomo wa kwanza, kifute vumbi kwa sponji iliyolowa, kichovye kwenye glezi sekunde tatu hivi, toa, acha kikauke. Kisha pangusa kitako kibaki kitupu kabisa, na milimita 3 hadi 5 za ukuta juu yake, maana kwenye mchomo wa pili glezi ikifika chini inagandisha chombo kwenye rafu ya tanuri. Rangi unayoiona mbichi sio itakayotoka, kwahiyo jaribu kwenye vipande vidogo vya majaribio kwanza. Anza na glezi moja. Moja tu, mpaka uijue.

Na gurudumu?

Baada ya miezi kadhaa, na bora uwe darasani. Kwenye gurudumu kazi ya kwanza ni kuuweka udongo katikati usiyumbe, viwiko unavibana mapajani, mikono inatulia na udongo ndo unaofuata mikono. Wengi huchukua wiki nyingi kulipata hilo. Mtu anayependa kufanya vizuri akianza hapo anahesabu kila siku kama ameshindwa, na anaacha. Akiwa tayari ana vidole vinavyosikia unene, anajifunza kwa utulivu zaidi.

Kikombe cha kwanza kizima

Kitafika siku kimoja kitatoka tanurini hakina ufa, kimesimama sawa, mdomo unapendeza kuugusa. Wa kwanza kukiona ataomba, na mkono wako utakuwa umeshaanza kukitoa. Usikitoe. Ule msemo wa mfinyanzi hulia gaeni, kwamba anayefinyangia watu wote yeye mwenyewe anakulia kigae, umetuelezea sisi vizuri sana, na hapa una nafasi ya kuukataa. Hiki ni chako.

Kipapase kitako kwa kidole, kama kinakwaruza kisugue juu ya msasa wenye maji. Kijaze maji mpaka karibu na mdomo, kiweke juu ya karatasi kavu, ukalale. Asubuhi nyanyua uangalie karatasi. Ikiwa na duara la unyevu, kitafaa kuwekea kalamu. Ikiwa kavu, mwaga hayo maji, kioshe, ujimiminie cha kunywa kabla haujafungua simu.